Kilo za kabati lililovunjika njiani

Kabati jipya likitoka Lubumbashi kwa lori na kushushwa Kolwezi likiwa vipandevipande, bei ya dukani pekee haimalizi hesabu. Sheria ya OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zinazooanisha sheria zao za biashara, ya mwaka 2003 kuhusu usafirishaji wa mizigo barabarani, ambayo Kongo imefungwa nayo tangu ilipojiunga mwaka 2012, inamwekea msafirishaji kikomo cha fidia: faranga za CFA 5,000 kwa kila kilo ya uzito wa jumla, yaani kama euro 7.62. Mwenye bima hulipwa na kampuni yake kwa mujibu wa mkataba. Kisha kampuni humgeukia msafirishaji, na hapo ndipo kilo hugombaniwa.

Hati ya mzigo nayo imeandikwa "kabati 1", basi. Mizani ya malori haisaidii, maana kipimo chake aghalabu huruka kwa kilo 20. Inabidi kukadiria.

Kosa la kawaida ni kupima kabati kama sanduku lililojaa. La mbao za mninga, lenye kimo cha mita 2, upana wa mita 1.2 na kina cha sentimita 55 linachukua nafasi ya mita za ujazo 1.32; zidisha kwa uzito wa mninga, kama kilo 620 kwa mita ya ujazo, upate kilo 818. Hakuna vijana wawili wa kulinyanyua! Kinachopimwa ni mbao zenyewe. Mbavu mbili, juu na chini, milango na rafu tatu vinafika mita za mraba 7.9. Kwa unene wa milimita 18, hizo ni mita za ujazo 0.142, sawa na kilo 88. Ongeza kilo 5 za plaiwudi ya mgongoni na 2 za bawaba na kufuli: kilo 95, kikomo CFA 475,000. Katoni na kamba nazo zihesabiwe, kwa kuwa sheria inataja uzito wa jumla. Mbao mbichi huongeza kilo nyingi, hivyo mkadiriaji makini humuuliza seremala zilikauka muda gani.

Sasa chukua kabati la vipimo hivyohivyo, ila la ubao wa chenga zilizogandishwa kwa gundi. Ubao huo hufika kilo 680 kwa mita ya ujazo, hivyo kabati la bei rahisi linapata kikomo kikubwa kuliko la mninga. Godoro la sponji nyepesi la sentimita 190 kwa 140 kwa 20 hufika kama kilo 14, yaani CFA 70,000. Kwa maoni yangu kipimo hiki kinaifaa shaba zaidi: mwaka 2024 kilo yake ilizunguka dola 9, karibu na kikomo chenyewe.

Tena sheria hiyo haigusi uhamishaji wa nyumba. Mfanyakazi wa mgodi anayehama na vyombo vyake hana kikomo hiki wala ulinzi wake. Anategemea mkataba aliosaini. Kwa anayetuma samani mpya, thamani ikitangazwa kwenye hati ya mzigo kabla lori halijaondoka, kiasi hicho ndicho kinachokuwa kikomo, na kilo hazina kazi tena.