Kuzima Uzi

Chumba changu cha Kangemi kilikuwa kumi kwa kumi, kipimo cha futi ambacho mpangaji yeyote wa Nairobi anakijua bila kuelezwa, na upande mmoja kilitenganishwa na jiko la jirani kwa mabati matupu. Sasa piga hesabu. Uzi mnene kuliko yote wa gitaa la besi, ule wa E, ukiupiga bila kuukandamiza popote hutikisika mara 41 hivi kwa sekunde, na wimbi lake hewani lina urefu wa mita 8 na ushei. Chumba kizima kilikuwa mita 3. Noti yangu ya kwanza haikupata pa kukaa humo ndani. Ilipita mabati, ikaenda kutua kwa mama jirani, juu ya kifuniko cha sufuria.

"Wewe kijana," aliniita jioni hiyo hiyo, amesimama mlangoni na mwiko mkononi, "ni nini hicho unafuga huko ndani?"

Nilimwonyesha. Akalitazama lile gitaa refu lenye nyuzi nne, akauliza zile mbili nyingine nimezipeleka wapi.

Si swali la kijinga. Besi ni zile nyuzi nne nene za gitaa la kawaida, E, A, D na G, zilizoteremshwa oktava nzima. Kabla yake wanamuziki walihangaika na kontrabesi, chombo kikubwa kama kabati ambacho tarumbeta mbili tu zikilia hakisikiki tena. Mwaka 1951 Leo Fender, fundi wa redio wa California, alitoa besi ya umeme ya kuvaliwa begani, uzi wake ukiwa na inchi 34, na shingoni akaipigilia fureti za chuma ili kidole kisibahatishe sauti. Ndiyo maana akaiita Precision. Kwa anayejifunza bila mwalimu, fureti hizo ni rehema. Mpiga fidla anatafuta noti kama mtu anayepapasa swichi gizani. Mimi niliwekewa ngazi.

Ngazi yangu lakini ilikuwa mbovu. Gitaa nililipata mkono wa pili, na aliyeniuzia hakutaja kwamba shingo imepinda. Nyuzi zilikuwa juu mno. Mwezi mzima niliamini tatizo ni vidole vyangu: vikatoka malengelenge, yakapasuka, yakatoka mengine. Hatimaye nikalibeba mpaka katikati ya jiji, kwa fundi mmoja wa ghorofani karibu na River Road. Alilishika akachungulia shingo kwa jicho moja, kama mwindaji anayepima mtutu, kisha akaingiza spana ndogo kichwani pake na kuizungusha robo. Nyuzi nne za besi kwa pamoja huvuta zaidi ya kilo 70, sawa na kumning'iniza mtu mzima hapo kutwa kucha, na ndani ya mbao kuna chuma kilichofichwa cha kushindana na mvuto huo. Mimi sikujua hata kama kipo.

"Boss," alisema akinirudishia, "ulikuwa unapigana na mti."

Sikuwa nimekosea mtaa. River Road na vichochoro vyake, hadi Tom Mboya Street lilipo duka la Melodica, ndiko santuri za benga na rumba zilikouzwa kwa miaka mingi, na ndiko bendi nyingi zilikotafuta wa kuzirekodi. Nilishuka ngazi za fundi nikiwa nimeshaamua nitasoma kwa nani.

Mwalimu wangu alikuwa wimbo mmoja: "Sina Makosa" wa bendi ya Les Wanyika. Wanaoyajua maneno yake Afrika Mashariki ni wengi kuliko wanaojua ni nani aliyepiga besi. Ni Tom Malanga. Asili ya mambo ni ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Kinyonga, waliofika Nairobi mwaka 1971 na kuunda Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wao walijiondoa, Malanga akiwemo pamoja na mpiga ridhimu Omari Shabani. Wakampata mwimbaji John Ngereza, wakaunda Les Wanyika, wakafanya mazoezi kwa miezi kadhaa, ndipo wakaanza kutumbuiza katika klabu ya Garden Square, hapo hapo jijini. Ni miezi ya mazoezi inayonigusa. Watu waliokwisha kuwa mahodari, na bado walijifungia.

Niliupunguza mwendo wimbo huo kwenye simu, nikavaa spika za masikioni, maana spika ya simu haiwezi kabisa kutoa sauti za chini namna hiyo. Baada ya wiki tatu nilikuwa na noti zote, na zilikuwa sahihi. Nikapiga pamoja na Malanga, na ikasikika kama gari la taka linalopanda kilima cha Westlands.

Nilichukua muda mrefu mno kuona kasoro ilipo. Nilikuwa nikisikiliza anapoanza noti, sikusikiliza anapoimaliza. Besi yake inasema neno, inakatika, inayaachia magitaa ya juu nafasi ya kupita, ndipo inarudi. Uzi wa besi ukiachwa peke yake haukatiki. Unavuma sekunde baada ya sekunde, noti inayofuata inaukuta bado upo, na zote mbili zinakuwa uji. Mpiga solo anaweza kusamehewa jambo hili. Mpiga ridhimu naye ana kodi zake, noti zinazopigwa pamoja, za kujishughulisha nazo. Mpiga besi hana pa kujificha: akichelewa kuuzima uzi, bendi nzima inachelewa kupumua.

Hivyo nikaanza upya, safari hii nikijifunza kuzima. Kidole cha kushoto hulegezwa kidogo bila kuondoka juu ya uzi, sauti ikafa papo hapo. Gumba la kulia hulalia nyuzi zisizotumika ili zisivume zenyewe kwa kuitikia uzi unaopigwa. Nilikata pia kipande cha sifongo ya kuoshea vyombo nikakisokomeza chini ya nyuzi, pale zinapofungwa kwenye mwili wa gitaa. Nilijiona mvumbuzi, mpaka nikajua kwamba James Jamerson, aliyepiga besi kwenye nyimbo chungu nzima za kampuni ya Motown kule Detroit, naye alikuwa na sifongo mahali hapo, tena alicharaza nyuzi kwa kidole kimoja tu. Na kwa wenyewe Waswahili, kundi la muziki wa kidumbak huko Unguja hupata besi yake kutoka kwa sanduku la chai lililotiwa fimbo na uzi mmoja. Chombo chenyewe kinaitwa sanduku, basi. Sauti yake ni fupi na kavu, inagusa na kuondoka, na watu wanacheza mpaka alfajiri.

Matatu za namba 46 za Kawangware ndizo zilizonipa hamu ya besi tangu utotoni, na siwezi kuzikana. Unaketi juu ya wufa, mbavu zinatetemeka, unashuka kituo cha Yaya ukiwa bado unatikisika. Lakini nikipanda siku hizi nasikia kishindo kimoja kirefu kisicho na mwisho, noti zote zimeungana. Mwili unashiba, sikio linalala njaa.

Stima ikipotea ndipo nilipofanya kazi bora zaidi. Bila amplifaya besi hunong'ona tu, kwa hiyo nilikuwa naegemeza kichwa chake kwenye mlango wa kabati, mbao ikalibeba lile neno likanifikia. Gizani hakuna cha kutazama. Unabaki na mlio na mahali unapokatikia.

Amplifaya ikiwaka, nilikuwa na kipimo kingine. Kile kifuniko cha sufuria kilikuwa na noti yake moja, G, ya fureti ya tatu kwenye uzi wa E. Nikiigusa tu, ng'ambo ya mabati kinaanza kulia kwa kelele ya bati juu ya bati, na hakiachi mpaka uzi unyamaze. Nikizima nusunusu, kinanisema. Sijawahi kusahihishwa kwa uaminifu namna hiyo.

Jioni moja, baada ya kuupitia wimbo mzima mara mbili, nilibisha kwa jirani.

"Mama, sufuria bado inakusumbua?"

"Bado inalia," alisema, akipepeta mchele bila kuinua kichwa. "Ila siku hizi inalia kidogo, inaacha. Na ile chumvi yangu uliyokopa?"