Ziba Samaki kwa Kiganja: Namna ya Kupima Kazi za Rangi na Karatasi za Watoto

Mwaka wa masomo unapoisha, siku ya kusoma matokeo, mwalimu wa Luano, penye kiwanja cha ndege cha Lubumbashi, hutundika ukutani karatasi za rangi za wanafunzi wake, na swali huwa lile lile: ipi ipewe zawadi? Wazazi huelekeza kidole kwa samaki aliyenyooka, au kwa ndege ya abiria yenye madirisha yaliyopangwa sawasawa. Mtoto anayekulia kando ya kiwanja cha ndege atachora ndege, hilo lisikushangaze. Lakini ukikabidhiwa kazi ya kuchagua, usianze na ndege wala samaki. Ziba umbo hilo kwa kiganja, kisha tazama kilichobaki kwenye karatasi.

Kilichobaki ndicho mtoto alichokifanya bila kusimamiwa. Mama, kaka na mwalimu hupenda kusaidia kwenye umbo: wanashika mkono, wanasahihisha jicho, wanachora mstari wa kwanza kwa penseli. Hakuna anayejitolea kusaidia kujaza uwanja ulio nyuma. Kazi hiyo inachosha, haina sifa, na kwa sababu hiyo haidanganyi.

Mji huu una haki ya kulisema hilo kuliko miji mingi. Mwaka 1946, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alianzisha hapa, wakati huo Elisabethville, warsha ya uchoraji iliyokuja kujulikana kama Hangar. Tazama kazi za wachoraji watatu wa pale. Bela Sara, aliyekuwa mtumishi wa Romain-Desfossés, alipaka rangi kwa vidole, tone kando ya tone, mpaka majani na maji yakaonekana yanatikisika. Mwenze Kibwanga alijaza picha nzima kwa mistari mifupi iliyolazwa pamoja, mingine ikienda huku, mingine ikigeuka, na watu wake wakatokea ndani ya mistari hiyo. Pilipili Mulongoy ndiye wa samaki, ndege wa porini na nyoka, lakini mtoe samaki wake na bado utakuwa na picha: nyuma kumejaa vialama vidogo vinavyopungua na kuongezeka kama mtu anayepumua. Umbo lenyewe mara nyingi ni bapa, halina kivuli, halina kina. Uhai wote uko nyuma.

Na mbinu hizo tatu ni mbinu ambazo mtoto wa miaka sita anaziweza leo mchana: tone la kidole, mstari mfupi, alama ya ncha ya kijiti. Hazihitaji kipaji cha kuchora mkono wa binadamu wenye vidole vitano. Zinahitaji subira na maamuzi.

Basi, ukishaziba samaki, tafuta mambo haya. Kwanza, mpaka: alama zinapofika karibu na umbo, zinafanya nini? Mtoto aliyekuwa anatazama huzibana, au huziachia nafasi, au huzizungusha kufuata mgongo wa samaki. Mtoto aliyeambiwa tu "jaza hapo" huzigonganisha na umbo kama mvua inavyogonga ukuta. Kisha tafuta pale alipochoka. Kila karatasi ya mtoto ina kona ya uchovu, kwa kawaida chini, upande wa kulia kwa anayetumia mkono wa kulia. Kona hiyo si kosa. Swali ni alichofanya baada ya kuchoka: je, alibadilisha rangi, alikuza matone yamalizike haraka, aliacha peupe pakawa mchanga? Mtoto aliyechoka akabuni njia ya kumaliza ana alama nyingi kwangu kuliko aliyejaza ukurasa mzima kwa nidhamu ya askari. Sehemu nyeupe nayo ipime: peupe palipoachwa kwa makusudi pana ukingo, na peupe palipobaki kwa sababu kengele ililia hapana.

Mkono wa mtu mzima hujionyesha haraka ukizoea. Mstari wa nje una unene mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, na chini ya rangi kuna penseli. Jicho limewekwa panapostahili na lina nukta ya mwanga. Rangi ya ndani ya umbo inaheshimu mstari, ile ya nje haiheshimu chochote. Ukiona karatasi ya namna hiyo, imechorwa na watu wawili.

Hapa lazima niseme neno dhidi ya ushauri wangu mwenyewe. Romain-Desfossés alisema hafundishi, na aliwazuia wachoraji wake kunakili picha za Ulaya. Lakini kununua na kusifu pia ni kufundisha. Mzungu akifurahia zaidi samaki na swala kuliko baiskeli na treni, samaki wataongezeka. Mwamuzi wa kazi za watoto ana nguvu hiyo hiyo. Ukizawadia matone mwaka huu, mwakani utaletewa matone na darasa zima. Kwa hiyo usitangaze ulichokitafuta, na kila mara toa zawadi moja kwa kazi ambayo hukuipenda lakini hukuweza kuacha kuitazama. Warsha ile haikudumu baada ya mwanzilishi wake: alifariki mwaka 1954, na wachoraji wakapokelewa katika akademia ya sanaa iliyoanzishwa na Laurent Moonens mwaka 1951.

Sasa karatasi. Usidharau karatasi duni. Mwaka 1926, huko Bukama, ofisa Mbelgiji Georges Thiry aliona nyumba zilizochorwa kutani, akawapa wachoraji Albert na Antoinette Lubaki karatasi na rangi za maji. Mwaka 2015 karatasi za Lubaki zilikuwa zimetundikwa Paris, katika maonyesho ya Fondation Cartier yaliyokusanya sanaa ya Kongo tangu mwaka huo wa Bukama. Tshibumba Kanda Matulu, mtoto wa mji huu, alichora historia ya nchi yake miaka ya 1970 juu ya magunia ya unga. Cha kupima ni kama karatasi ilichaguliwa kwa kazi yake. Ya daftari hunywa maji na kujikunja, hivyo inafaa penseli na rangi kavu, haifai tone zito. Mgongo wa kalenda ya mwaka uliopita ni mzuri kuliko uso wake unaong'aa, ambako rangi huteleza na baadaye hubanduka. Mfuko wa saruji una karatasi ngumu ya kahawia ambayo kwa macho yangu inazidi ile nyeupe ya dukani, maana rangi nyeupe huonekana juu yake. Lakini chukua tabaka lisilogusana na saruji, na mtu mzima ndiye alikung'ute na kulifuta, si mtoto.

Kuhusu rangi, uliza ilikotoka kabla ya kuisifu. Mji huu ulianza kuyeyusha shaba mwaka 1911, na udongo wa karibu na viwanda na machimbo umebeba metali. Mtoto akikuletea kijani kizuri kisicho cha dukani, uliza mara mbili: jiwe la kijani, malakiti, ni madini ya shaba, na vumbi lake halifai kusagwa wala kuvutwa puani na mtoto. Rangi ya mafuta iliyobaki baada ya kupaka mlango nayo iwekwe mbali, kwa sababu rangi za namna hiyo zaweza kuwa na madini ya risasi. Salama zaidi ni rangi za maji za shule, makaa yaliyosagwa na mtu mzima na kuchanganywa na uji wa unga kwa ajili ya weusi, na manjano ya jikoni kwa njano, ingawa manjano hufifia upesi yakitundikwa juani.

Jaribio la rangi ni dogo. Karatasi ikikauka, pitisha kidole kikavu: kidole kikitoka na unga, gundi haikutosha. Kisha ipinde kidogo pembeni: rangi ikipasuka vipande, ilipakwa nene mno. Katika kiangazi cha Juni na Julai rangi hukauka upesi na karatasi hujikunja, kwa hiyo usimkate mtoto alama kwa ukingo uliopinda. Wakati wa mvua ni kinyume chake. Gundi ya unga hukaa mbichi siku nzima na kuota ukungu, na hapo mwenye kosa ni aliyepanga kazi hiyo Januari.

Gundi hiyo inastahili kutajwa peke yake, kwa sababu inatoa kazi rahisi kuliko zote na ngumu kuliko zote kuipima. Koroga unga wa muhogo kwenye maji baridi, pika mpaka uwe mwepesi kuliko uji, tia rangi, paka karatasi nzima, kisha mtoto apitishe kitana, uma au ncha ya kidole kabla haijakauka. Unga wa mahindi, ule wa bukari, huacha chembe. Huko Herrnhut, Ujerumani, Wakristo wa kanisa la Moravian walitengeneza karatasi za namna hii karne ya 18 kwa ajili ya majalada ya vitabu. Kazi nzuri ya kitana ina mwendo mmoja usiokatika, na unaona mahali mkono ulipogeuka. Kazi mbaya imepitiwa mara tatu juu ya pale pale, mistari imeuana, karatasi imechubuka. Kazi hii inataka kuachwa mapema, na watoto wachache sana wanajua kuacha. Anayejua, mtazame vizuri.

Mihuri ya kiazi na bamia sina mengi ya kusema juu yake: muhuri wa kwanza una rangi nyingi, wa tano una kidogo, na mtoto mzuri huutumia upungufu huo. Minyororo ya karatasi za rangi kwa Noeli ipimwe kwenye maungio tu. Vuta taratibu, pete zikiachana, gundi ilikuwa maji.

Wakati mwingine mabishano yatabaki: baba anaapa kwamba hakugusa samaki wa mwanawe, nawe una mashaka. Usimwaibishe mtoto mbele ya watu. Mpe nusu karatasi na kifuniko cha chupa chenye rangi, mwambie achore chochote, uongee na baba mambo mengine. Samaki hatafanana na yule wa ukutani, wala usitegemee afanane. Tazama nyuma yake. Namna ya kuweka alama, kasi yake, upande anaoanzia, hiyo hubadilika polepole sana, hata akichora treni.