Kupima na Kungoja

Mshipa wa mguu uliovimba na kujipinda siku hizi mara nyingi hauchomolewi tena kwa kisu. Daktari hutoboa tundu dogo karibu na goti, hupitisha mrija mwembamba hadi karibu na kinena, kisha huuchoma mshipa kwa ndani, kwa leza au kwa mawimbi ya redio yanayofikisha nyuzi 120 za Selsiasi. Siku hiyohiyo mgonjwa hurudi nyumbani akitembea. Sifa humwendea aliyeshika mrija. Mimi namstaajabia zaidi anayemfuata, mpimaji wa ultrasaundi.

Mshipa uliochomwa hunywea ukaziba, na ndiyo shabaha. Penye hatari ni juu, unapoingia kwenye mshipa mkuu wa paja. Ncha ya mrija husimamishwa sentimita 2 au zaidi kabla ya hapo, lakini mara chache damu iliyoganda kwa joto hutoa ulimi ukachungulia mshipa mkuu. Ukikatika, unaweza kwenda mapafuni.

Basi ndani ya wiki ya kwanza mpimaji hupaka jeli kinenani, akakandamiza taratibu. Mshipa mzima hubonyea ukafumba. Wenye bonge la damu hugoma. Mpimaji huminya tafu la mguu ili damu ipande, aone kama inapata njia kando ya bonge. Kisha hugeuza kifaa na kuutazama mshipa kwa upana, kwani picha ya urefu pekee hudanganya ikikatwa mshazari.

Upana huo una uzito wake. Mwaka 2006 Lowell Kabnick, daktari wa Marekani, na wenzake walipendekeza madaraja manne ya bonge hilo. Bonge lililoishia mlangoni mwa mshipa mkuu halihitaji dawa. Lililoingia chini ya nusu ya upana kwa kawaida hungojwa, likipimwa kila wiki. Likivuka nusu, mgonjwa huanzishiwa dawa za kuzuia damu kuganda. Likiziba kabisa, hutibiwa kama bonge lolote la mshipa wa ndani. Kati ya kungoja na kumeza dawa zinazoweza kumtoa mtu damu pana milimita chache tu, na mkono wenye pupa huzikosa.

Kwa hiyo wiki inayofuata mpimaji hufungua kwanza picha za awali, akapima mahali palepale, kwa pembe ileile. Bonge likiwa limerudi nyuma hadi kutoka mshipa mkuu, huandika kipimo, na kwa aliyekuwa akimeza dawa kwa sababu hiyo tu, daktari huzisimamisha.