Kanuni Chache, Mchezo Mzito: Maoni juu ya Maigizo ya Mufwankolo

Je, waigizaji wanahitaji kanuni ngapi ili watunge pamoja bila kuvurugana? Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walichapisha nchini Marekani mchezo wa Dungeons & Dragons, ambamo wachezaji huketi mezani, kila mmoja akavaa nafsi ya mhusika, na kisa kikazaliwa papo hapo kwa masharti ya kitabu na bahati ya dadu. Wapenzi wa michezo ya aina hiyo wamegawanyika: wako wanaotaka kitabu kinene chenye hukumu ya kila tukio, na wako wanaotosheka na kurasa chache. Sisi wa Lubumbashi tunao mfano wetu wa kulipima jambo hili, nao ni Kikundi cha Mufwankolo.

Mwaka 1986 Johannes Fabian aliwauliza waigizaji hao maana ya msemo usemao kwamba madaraka huliwa mazima. Jibu lao lilikuwa mchezo. Kitabu chake cha mwaka 1990 kinatuonyesha hatua zake: mazungumzo, mgawanyo wa maonyesho, mazoezi, na hatimaye onyesho katika kijiji cha Kawama. Hapakuwa na matini ya kukariri. Kila mwigizaji alijua yeye ni nani, anaingia lini, na onyesho lazima liishie wapi. Maneno aliyatafuta mwenyewe katika Kiswahili cha Katanga, ambayo wakati huo iliitwa Shaba.

Wako wanaosema kwamba sanaa ya namna hii haina kanuni. Sikubaliani nao. Kanuni zake ni chache, lakini hazivunjiki: mwigizaji akisahau mwisho uliokubaliwa, wenzake wote wamekwama. Katika Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, mwandishi amekwisha kubeba mzigo huo kabla pazia halijafunguliwa. Huku mzigo uko mabegani mwa wote.

Hata hivyo, uhuru huu una gharama yake. Mwigizaji anayetafuta neno hurudia alilokwisha sema. Na kwa kuwa nafasi ya kuwajenga wahusika ni finyu, chifu, mlevi na mwizi huelekea kuwa wale wale tunaowafahamu. Apendaye usanifu wa kila sentensi atachoka, wala hana kosa. Hilo ni suala la hulka, kama vile mmoja apendavyo bao la Kiswahili lenye namua na mtaji, na mwingine akaridhika na bao la kujifunza.

Binafsi naegemea upande wa kanuni chache, kwa sababu moja. Mchezo unaouliza iwapo madaraka yagawanywe au yaliwe na mmoja hauwezi kuachia kalamu moja maneno yote. Umbo lake limekwisha kuanza kulijibu swali lake.

Kwa hiyo yafaa wanafunzi wetu wajihadhari na maandishi ya Fabian, pamoja na thamani yake kubwa. Matini ile ni kumbukumbu ya usemi wa mwaka 1986. Atakayeikariri neno kwa neno jukwaani atakuwa ameongeza kanuni ambayo Mufwankolo na wenzake hawakuihitaji, na kuipoteza ile waliyoitegemea: kumsikiliza mwenzako kabla ya kumjibu.