"Knock up" na Mtego wa Visawe

Aghalabu kitenzi cha Kiingereza kinachofuatwa na kijineno kama "up" au "out" hufundishwa katika madarasa yetu kama kituko kisicho na kanuni, ambacho mwanafunzi hana budi kukikariri tu. Rai hii yafaa ihojiwe, hasa na wanaotunga kamusi na wanaofasiri. Nachukua mfano mmoja wa lugha ya mazungumzo: "knock up".

Kwa Mwingereza wa zamani, maana iliyozoeleka ilikuwa kumwamsha mtu kwa kumgongea. Katika miji ya viwanda ya Uingereza walikuwapo watu waliolipwa kwa kazi hiyo, wakipita alfajiri na fimbo ndefu kugonga madirisha ya wafanyakazi; kazi yenyewe ilidumu hadi karne ya 20. Kitenzi hicho hicho humaanisha kutengeneza kitu harakaharaka, kama vile chakula, na katika tenisi kupasha misuli moto kabla ya mchezo. Katika maandishi ya karne ya 19, mtu au farasi aliyekuwa "knocked up" alikuwa hoi kwa uchovu. Huko Marekani, tangu karne hiyo hiyo, kimekuwa na maana ya kumtia mwanamke mimba, na sinema ya Knocked Up ya mwaka 2007 ilipata jina lake humo.

Kamusi itakayopanga "amsha, tengeneza, chosha, tia mimba" kwa koma tupu itakuwa imemtegea mfasiri. Mtu akisema "he knocked her up at six", je, mwanamke aligongewa mlango saa kumi na mbili, au kuna kesi ya kupelekwa kwa wazazi? Sarufi haijibu. Jibu limo katika asili ya msemaji na zama zake.

Wanaodai kwamba hapa hakuna mantiki wamesahau "piga" yetu. Twapiga hodi, pasi, mbizi, kura na simu, wala hakuna aliyeumia. Tofauti ni kwamba katika Kiswahili nomino inayofuata ndiyo inayobeba maana, nayo i wazi mbele ya msomaji. Ilhali "up" ni ile ile katika maana zote tulizozitaja. Wako wanaoilinganisha na mnyambuliko wetu. Mlinganisho huo ni dhaifu: "gongea", "gongana" na "gongesha", kwa kawaida, huonyesha uhusiano wa wahusika wa tendo, jambo ambalo kwa kawaida si kazi ya "up".

Lenye uzito zaidi, kwa maoni yangu, ni daraja ya lugha. "Knock up" ya Kimarekani ina wepesi na dharau ndani yake. Mfasiri akiandika "alimpa ujauzito", amemvisha msemaji kanzu asiyokuwa nayo, na msomaji hatajua kwamba mwanamke yule amedharauliwa. "Alimpachika mimba" linakaribia zaidi, hata kama litawakera wenye kupenda Kiswahili cha mimbari. Adabu ya mfasiri si adabu ya mhusika. Kwa upande wa chakula cha harakaharaka hali ni kinyume: "lipua" lina lawama ambayo Kiingereza hakina hapo, na "andaa chapuchapu" latosha.