Chasisi Kwanza

Chasisi ya Land Rover huoza kutoka ndani. Kwa nje unaona rangi nyeusi imetulia, unaridhika, unamlipa mwenye gari na kuondoka. Kumbe matope ya miaka na miaka ya masika yamejazana ndani ya lile boksi la chuma, yanatunza unyevu na kukitafuna taratibu. Ndiyo maana jirani yetu mmoja hapa Ilomba, Mbeya, mzee ambaye amezeekea kwenye spana, akiletewa gari la aina hii haulizi habari za injini. Anaomba nyundo ndogo, anatandika turubai, analala chali chini ya gari na kuanza kugonga kutoka mbele kwenda nyuma, kila baada ya upana wa kiganja pigo moja. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti butu, na hapo anachora alama ya chaki. Kazi hiyo huweza kumla asubuhi nzima, na mwenye gari aliyesimama pembeni akitaka kusikia injini ikiunguruma inabidi avumilie.

Gari lililoko uani kwake sasa ni 109, Series III, toleo lililotengenezwa kati ya 1971 na 1985. Hiyo 109 ni idadi ya inchi kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma. Wazazi wetu wa Nyanda za Juu Kusini hawahitaji kutambulishwa kwake. Walilijua likiwa gari la serikali, la misheni na la bwana shamba, wakalijua tena lilipochakaa na kuanza kubeba viazi na abiria kutoka vijiji ambavyo basi haliwezi kupanda.

Bodi yake ndiyo inayowadanganya wengi. Land Rover ya kwanza ilipooneshwa Amsterdam mwaka 1948, chuma kilikuwa bado kinagawiwa kwa mgao Uingereza baada ya vita, hivyo waundaji wakatumia aloi ya alumini kwa sehemu kubwa ya bodi. Alumini haishiki kutu kama chuma, kwa hiyo mabati ya gari la umri huu yanaweza kuwa mazima kabisa juu ya chasisi iliyokwisha. Lakini pale alumini inapogusana na chuma, maji yakiingia katikati, alumini huanza kuliwa na kutoa unga mweupe. Mzee anaujua unga huo. Anausugua hadi aone bati safi, kisha anakata vipande vya tyubu ya tairi na kuvilaza katikati ili vitu hivyo viwili visikutane tena. Ni kazi isiyoonekana gari likishafungwa, wala haimwongezei bei. Anaifanya kila mahali, hata chini ya viti.

Kuchomelea ndiko kunakonifanya nisogeze kigoda. Fundi mwenye haraka hubandika kiraka juu ya kutu, akapaka rangi, biashara ikaisha. Mzee hukata kwa grenda hadi afikie chuma kinachong'aa pande zote, ndipo apime kiraka. Kabla ya kuwasha mashine anavuta tepu kutoka pembe ya mbele kulia hadi ya nyuma kushoto, kisha anavuka upande wa pili. Vipimo viwili visipolingana, chasisi imepinda, na gari litakimbia kiupandeupande maisha yake yote. Akianza, anachomelea kipande kifupi, anahamia upande wa pili, anasubiri moto upungue, anarudi, kwa sababu joto huvuta chuma. Kila baada ya mshono mrefu tepu inarudi kazini. Kijana anayemsaidia, spana boi wake, ameshajifunza kuishika bila kuambiwa.

Ujuzi wa namna hii haukuota Mbeya kwa bahati. Utawala wa Ian Smith ulipojitangazia uhuru kule Rhodesia mwezi Novemba 1965, Zambia ilikatiwa njia yake ya mafuta ya kusini, na malori yakaanza kuyapeleka kutoka Dar es Salaam kwa barabara ambayo sehemu kubwa ilikuwa vumbi na matope. Madereva waliiita njia ya jehanamu. Lami ikafuata, kisha reli ya TAZARA iliyokabidhiwa mwaka 1976. Lori likikatika springi mlimani halisubiri mtaalamu wa kutoka ng'ambo. Linahitaji mtu hapo hapo, na kijana aliyemshikia mtu huyo tochi usiku ule, kesho ni fundi. Ilomba ipo kandokando ya barabara hiyo hiyo, na hadi leo ukikaa uani unasikia malori ya Tunduma yakibadili gia.

Sasa tufike kwenye kubadilisha, maana mwenye gari hataki lirudi lilivyokuwa mwaka lilipotoka kiwandani. Anataka kulipandisha Kitulo kupitia Isyonje, kufuata mbegu za viazi. Injini ya asili ya dizeli, ya cc 2,286, ilikuwa na nguvu ya farasi 62 ikiwa mpya, na hii si mpya. Wamekubaliana iwekwe 3L ya Toyota, lita 2.8, yenye farasi takribani 90. Mwenye gari alikuwa na ndoto ya injini kubwa zaidi yenye turbo. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia: "Mwanangu, nozeli ya hii utaipata popote Hiace inapofika." Hoja ikaisha hapo. Mimi naona uamuzi huo ndio ufundi wenyewe, hata kabla spana haijashikwa.

Nguvu ikiongezeka mbele, lazima ujue inakwenda kuishia wapi. Inapita kwenye klachi, giaboksi, propela, difu, na mwisho inafika kwenye ekseli, ambayo kwa magari haya hukatika ukiipa mzigo wa ghafla. Kwa hiyo matairi makubwa yaliyotakiwa kwa ajili ya sura yamekataliwa, na breki zimetangulia kutengenezwa kabla injini haijaingia. Kati ya injini ya Kijapani na giaboksi ya Kiingereza kuna sahani nene ya chuma iliyokerezwa. Ikikaa pembeni kiasi cha unywele, beringi italiwa na klachi itagoma kuachia. Mzee ameifunga, akaipima, akaifungua na kuirudisha kwa mkerezaji, bila kulalamika na bila kuilazimisha kwa nyundo.

Kisha kuna hewa. Mji wetu uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na Kitulo inapita 2,600. Huko hewa ni nyepesi, na dizeli isiyo na turbo ikiendelea kupewa mafuta ya pwani itatoa moshi mweusi na kuchemka bure. Mzee hupunguza mafuta kwenye pampu, kidogo kidogo, akiangalia rangi ya moshi kwenye mlima wenyewe.

Lakini ninalolipenda kuliko yote ni lile tufe kubwa la ekseli ya mbele, ambalo gurudumu hugeuka juu yake. Likilegea, usukani hutetemeka kila ukipiga shimo. Likikazwa kupita kiasi, dereva anamaliza mabega. Kati ya hali hizo mbili kuna vibati vyembamba vya kuongeza au kutoa. Mzee anatundika mizani ya ndoano, hii hii ya kupimia viazi sokoni, kwenye mkono wa usukani, anavuta polepole, anasoma mshale wakati gurudumu linaanza kusogea. Anatoa kibati kimoja. Anavuta tena. Kijana naye anapewa avute, asome mwenyewe, na jibu lake likitofautiana na la mzee wanarudia wote wawili.

Kila bolti inayorudi inapakwa grisi kwenye nyuzi, kwa sababu ipo siku mtu mwingine ataifungua, pengine Makete, kwenye mvua, akiwa na spana mbili tu. Kwa ajili ya mtu huyo huyo, chini ya boneti kijana anaandika kwa rangi nyeupe kila kilichobadilishwa: injini ni ya gari gani, filta gani, beringi namba gani, mkanda wa urefu gani. Mstari wa klachi bado uko wazi. Mzee amekataa uandikwe mpaka sahani irudi kutoka kwa mkerezaji na giaboksi ifungwe.