Vidole Vinavyosoma Kizazi

Kando ya barabara ya Arusha kwenda Moshi, pale Usa River, kipo Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, NAIC. Hapo hufugwa madume bora, mbegu zao huvunwa, hupimwa kwa hadubini, hutiwa kwenye mirija myembamba na kugandishwa ndani ya naitrojeni ya kimiminika, kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Kisha mirija hiyo hupandishwa kwa pikipiki kwenye miteremko ya Mlima Meru, hadi mabanda yaliyo katikati ya migomba na kahawa. Anayeibeba ni mhimilishaji. Namsifu kwa sababu anakijua vilivyo kiungo ambacho macho yake hayakioni.

Sayansi inazo njia nyingine za kukiona. Mashine ya MRI, ambayo ugunduzi wake uliwapatia Paul Lauterbur na Peter Mansfield Tuzo ya Nobel mwaka 2003, hutumia sumaku kali na mawimbi ya redio kuamsha hidrojeni iliyomo kwenye maji na mafuta ya mwili. Picha zake huonyesha tabaka za ukuta wa kizazi, na ovari pamoja na vifuko vya mayai, bila kisu kugusa nyama. Inafaa sana kwa wanyama wadogo na kwa viungo vilivyokwisha kutolewa mwilini. Ng'ombe mzima ni habari nyingine. Tundu la mashine nyingi lina upana wa sentimita 60 hadi 70 tu, na mnyama sharti atulie kimya kwa dakika nyingi. Ukimlaza kwa dawa ya usingizi, gesi inaweza kumjaa tumboni ikamuua. Kwa hiyo huku Nkoaranga, Poli na Akheri, anayechungulia kizazi cha ng'ombe huchungulia kwa mkono.

Kazi huanza kwa simu ya mfugaji. Ng'ombe analia ovyo, majani hayataki, ute mwangavu unaning'inia nyuma, na akipandwa na mwenzake anasimama. Akionekana hivyo asubuhi, ahimilishwe jioni. Akionekana jioni, ahimilishwe kesho yake asubuhi. Yai hutoka saa kadhaa baada ya joto hilo la kutaka dume kwisha, na mbegu nazo zinahitaji muda wa kujiandaa ndani ya kizazi. Fursa hii ikipotea, ni kusubiri siku 21 nyingine, na maziwa nayo yanasogea mbele.

"Karibu, daktari." Mhimilishaji anasalimia wenyeji, anaomba maji ya uvuguvugu, anapima joto lake. Mrija unatoka kwenye mtungi wa naitrojeni na kuzama ndani ya maji hayo kwa muda wa nusu dakika hivi, kwenye nyuzi 35 hadi 37. Anaufuta ukauke, kwa kuwa tone la maji linaweza kuua mbegu, anaukata ncha na kuuvika kwenye bomba la kuhimilishia.

Mkono wa kushoto, ndani ya glovu ndefu iliyopakwa kilainishi, unaingia kwa njia ya haja kubwa. Utumbo ukibana, mkono unangoja ulegee. Fundi hashindani na mnyama. Chini ya vidole, nyuma ya ukuta mwembamba wa utumbo, anaipata shingo ya kizazi: ngumu, yenye mafundo, kama shingo ya kuku iliyonyonyolewa. Mkono wa kulia unapitisha bomba ukeni kwa kulielekeza juu kidogo, lisipotee kwenye njia ya mkojo.

Hapa ndipo umahiri ulipo. Ndani ya shingo hiyo mna pete tatu au nne za nyama, na njia yake haijanyooka. Anayeanza kazi husukuma bomba, akajeruhi. Fundi hulishika bomba likatulia, kisha kwa vidole vya kushoto huizungusha na kuivuta shingo ya kizazi, pete moja baada ya nyingine, hadi yenyewe imelivaa bomba. Kidole cha shahada kinangoja upande wa pili. Kikiigusa ncha inapochomoza, mkono unasimama hapohapo na mbegu inaachiwa taratibu. Sentimita chache mbele zaidi, ingeingia pembe moja tu ya kizazi.

Wiki sita hivi baadaye vidole vilevile vinarudi kuuliza kama mimba imeshika. Pembe moja imejaa kuliko nyingine, na utando wa mimba unateleza kwa wepesi kati ya vidole. Ultrasaundi huijua mapema kidogo, na inastahili kuenea vijijini. Hata hivyo, picha ya mashine humfaa zaidi aliyekwisha kukishika kizazi. Ndiyo maana wanafunzi wa uhimilishaji hupewa kwanza vizazi vya machinjioni: washike, wapasue, waone kile ambacho vidole vilikisia. Tusiwapunguzie saa za mazoezi hayo. Ndama anayezaliwa baada ya siku 280 na ushei ni matunda ya mkono uliofundishwa kungoja.